Siku Kitanda cha Mama Kilipotolewa Nje

Waliokuwepo asubuhi ile ni hawa, na nawataja mmoja mmoja asije mtu akasema Eshati amebuni. Mimi mwenyewe, Eshati, mpishi wa shule. Zaliata, mtoto wa dada yangu Mariamu wa Mutsamudu, niliyemlea Moroni tangu ana miaka saba. Kassim na Bakari, mapacha wa muuza samaki wa Itsandra, walioshika matendegu ya mbele. Moinaesha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na Hadija, binti wa mshona kofia, walioshika ya nyuma. Mzee Mbae, kaka wa marehemu mume wangu, yeye alikuwa chini, bangwe, yaani ule uwanja wenye viti vya mawe ambako wanaume wa kwetu hukaa na kuamua mambo ya mji. Na Mdahoma, mkubwa wa vijana wa kamati, ambaye miaka mitatu nyuma nilikuwa nikimpa ukoko wa wali kwenye dirisha la jiko la shule kwa sababu alikuwa hashibi.

Nawaandikia kwa Kiswahili, wajukuu, kwa sababu mmetawanyika. Wengine mko Unguja, wengine Mombasa, na Kingazija chenu siku hizi kinachechemea. Kiswahili nilikikuta nyumbani kwa baba, aliyefanya biashara ya karafuu. Mmeniuliza kwenye simu: koko, bibi yetu, wewe hukumaliza hata shule, uliwezaje kuwafundisha watu Kifaransa? Basi nawaambia. Lakini kaeni chini kwanza, maana mpaka leo nikikumbuka moyo unaruka.

Kazi yangu ilikuwa kupika. Nimepika miaka arobaini kasoro, kwanza nyumbani kwa Mfaransa mmoja wa ofisi, halafu shuleni. Jikoni kwa yule Mfaransa nilimkuta Mzee Halidi, mpishi mkuu, mtu wa Mutsamudu kama mimi, mwenye kidole kimoja kilichokatwa na kisu cha nyama. Siku yangu ya kwanza ya kupeleka chakula mezani, Madamu aliniuliza nimeleta nini. Nikajibu kwa fahari, nikataja samaki, wali, chumvi na mkate, vyote nikaviita vya kike. Wageni wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nilirudi jikoni uso unawaka.

"Umefanya nini?" akaniuliza Mzee Halidi.

"Sijui. Nimetaja chakula, wamecheka."

Ndipo akanieleza kwamba kwa Wafaransa kila kitu ni mwanamume au mwanamke, hata kitu kisicho na roho. Wajukuu, nilishtuka! Chumvi mwanamume? Meza mwanamke? Nikamuuliza nani aliyewachungulia. Akasema, "Hakuna aliyewachungulia, mwanangu. Walizaliwa hivyo, na wewe utawachukua hivyo. Jina usilipokee uchi. Lipokee na nguo yake. Usiseme 'sel', sema 'le sel'. Ukilichukua jina bila nguo, siku ya kulivalisha utalivalisha gauni la mwenzake."

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, na ni ya Mzee Halidi, si yangu. Mungu amrehemu.

Ya pili ni yangu. Mimi sikuwa najua kuandika herufi za Kizungu. Nilijua za chuoni tu, za Kurani. Kwa hiyo sikuwa na daftari. Nilikuwa na nyumba. Mnajua desturi yetu: binti hujengewa nyumba na wazazi wake, na mume huja na sanduku lake tu. Nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume kwao ni bangwe. Basi nikasema, maneno ya kike yote nitayaweka ndani ya nyumba yangu, na ya kiume yote nitayapeleka bangwe. Meza, la table, ikae sebuleni. Kiti, la chaise, kando yake. Mlango, ufunguo, dirisha, taa, sufuria, kijiko, wote wanawake, wote ndani, raha mustarehe. Nje nikapeleka kisu, sukari, mkate, moto, jua, kitabu. Kila asubuhi nikifagia naanza chumba cha ndani, naja sebuleni, natoka mlangoni, nashuka mpaka bangwe, nikimsalimia kila mmoja kwa jina na nguo yake. Wapita njia walidhani nasoma uradi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ulipo ujuzi wenyewe. Vile vilivyokaa mahali pake pa kawaida ndivyo nilivyovisahau. Sufuria kuwa ndani, nani atakumbuka? Sufuria siku zote iko ndani. Vilivyonishtua ndivyo havikunitoka kamwe. Ndevu kwa Kifaransa ni mwanamke, la barbe. Basi nikachukua ndevu za mwalimu wangu wa Kurani, astaghfirullah, nikazianika kwenye kamba yangu ya nguo uani. Msikiti ni mwanamke, la mosquée. Nikauingiza sebuleni mzima na mnara wake, mnara ukatoboa bati. Bakora ya mzee, la canne, nikaiegemeza jikoni penye vyungu. Na buibui je? Shela la mwanamke, le voile, ni mwanamume! Nikamvisha Mzee Mbae pale kwenye kiti cha jiwe, na ndevu zake nje. Wallahi mpaka alipokufa nilikuwa siwezi kumtazama bila kuuma mdomo.

Kwa hiyo ukiona neno limekaa kwa utulivu, lishtue. Liangushe, lichome, livishe nguo isiyo yake. Akili ya mtu ni kama mji mdogo: haikumbuki nani alipita salama, inakumbuka aibu.

Kuna na vijia vya mkato. Maneno yanayoishia na sauti ya "-tion" yaingize ndani yote bila kuuliza. Yanayoishia na "-eau", kama bateau, mashua, na couteau, kisu, yapeleke bangwe, isipokuwa eau, maji, na peau, ngozi, hivyo haviwezi kutoka kwa mwanamke. Na mzunguko usifanye mara moja. Fanya leo, fanya kesho, ruka siku tatu, fanya tena, halafu Ijumaa. Neno ni kama mgonjwa, usipomtembelea anahama.

Nikaishi na nyumba yangu hiyo ya siri miaka mingi, sikumwambia mtu. Nani angemuuliza mpishi?

Uhuru ulipokuja, walimu wa Kifaransa waliondoka. Wiki moja walikuwepo, wiki ya pili madarasa matupu, chaki bado iko ubaoni. Halafu ikaja ile serikali ya mapinduzi, na madaraka wakapewa vijana. Jamani, mliozaliwa juzi hamwezi kuelewa. Watoto ambao jana walikuwa wanatumwa kununua mihogo sokoni Volo Volo, leo wana mihuri mifukoni na wazee wanaomba ruhusa kwao. Harusi kubwa ikapigwa marufuku. Ile ambayo mwanamume wa Ngazija huiwekea akiba maisha yake yote, ile ya dhahabu na ng'ombe na maandamano, ikaitwa uharibifu. Nilikuwa naosha mchele Kassim alipokuja kuniambia. Niliuacha mchele ukaenda na maji.

Siku moja Mdahoma akaingia jikoni kwangu na vijana wawili.

"Raia Eshati," akasema. Hakusema Bweni, kama tunavyomwita mwanamke wa heshima. Raia. "Tunaambiwa unajua Kifaransa."

"Najua cha jikoni."

"Kesho utaingia darasani. Walimu hakuna."

"Mwanangu, mimi sijui hata kuandika jina langu kwa Kizungu."

"Wataandika wao. Wewe utasema."

Ndivyo nilivyokuwa mwalimu, wajukuu. Niliingia na aproni. Wanafunzi ishirini na watatu wakanitazama kama kuku aliyepanda mimbari. Sikuwa na la kufanya ila kuwapa nyumba yangu. Nikawaambia kila mtu afumbe macho, aingie nyumbani kwa mama yake. Baada ya mwezi mmoja walikuwa wanabishana kama bangwe ina nafasi ya kuweka jua na mashua pamoja.

Aliyenitesa ni Zaliata wangu. Alikuwa hodari kwa kila kitu, na alikuwa na sababu ya kuwa hodari. Hospitali ya Mutsamudu ilikuwa inachukua wasichana wachache kuwafundisha ukunga, na mtihani ulikuwa wa mdomo, kwa Kifaransa, mbele ya madaktari wa kigeni. Mama yake, dada yangu Mariamu, alifia uzazini, mkunga akiwa mbali. Zaliata alikuwa hataki kitu kingine duniani. Mtihani ulikuwa Jumanne. Mashua iendayo Mutsamudu ilikuwa inang'oa nanga Jumatatu, na kusafiri kulitaka karatasi yenye muhuri wa kamati. Karatasi tuliiomba, ilikuwa bado haijatoka.

Na Ijumaa Zaliata bado anasema "la lit".

Kitanda, wajukuu. Le lit. Mwanamume.

"Kitanda kiko wapi?" namuuliza.

"Ndani."

"Kipeleke bangwe."

"Hakitoki, mama mdogo. Kila nikikitoa kinarudi. Kitanda cha bibi kitakaaje bangwe?"

Na mimi nilimwelewa. Kitanda chenyewe kilikuwa cha mama yangu, cha mti wa takamaka, kilichochongwa maua na fundi wa Mutsamudu na kuja Moroni kwa mashua. Mama alinipa mimi, nami nilikuwa nimemwekea Zaliata kwa siku yake. Kitanda kwetu huingia nyumbani kwa binti, kimebebwa na watu, hakitoki tena. Ndiyo maana akili yake ilikataa. Na hospitali, wajukuu, ni nini kama si vitanda? Angekosea neno hilo mara kumi kabla hajafika mlango wa pili.

Nikasema, ikiwa akili haiwezi kukibeba, mikono itakibeba.

Jumamosi asubuhi nikawaita Kassim, Bakari, Moinaesha na Hadija. Tukatoa godoro. Wakashika, wakainua. Kizito! Mlangoni kikakwama, tukakilaza ubavu. Zaliata alikuwa mbele, kazi yake ni kusema "le lit" kila hatua. Na hapa ndipo nilipokosea, kosa ambalo mgeni asingelifanya, ni sisi tu. Kitu kizito hakibebwi kimyakimya. Bakari akaanza wimbo ili waende hatua moja, na wimbo gani wa kubebea kitanda anaoujua mtu wa Ngazija? Ule wa harusi kubwa. Tendegu la mwisho lilipovuka kizingiti, Hadija, kwa furaha tu, akapiga kigelegele.

Moinaesha akajibu.

Mtaa mzima ukatoka.

Tulifika bangwe watu wanapiga makofi, wazee wamesimama, na Mzee Mbae analia machozi, akidhani nimethubutu kufanya harusi kubwa. Hatujakitua kitanda chini, vijana wa kamati wakatuzunguka. Subhana llah, nikasema moyoni, Eshati, umetembeza harusi mchana kweupe.

Mdahoma akaja mbele. Alikuwa na miaka kumi na saba, labda kumi na minane, na muhuri umening'inia shingoni kwa kamba.

"Raia Eshati. Bibi harusi ni nani?"

"Hakuna bibi harusi."

"Bwana harusi?"

"Hakuna."

"Basi kitanda hiki kinamuoa nani?"

"Kinakuoa wewe!" akasema mtu nyuma, na watu wakacheka kidogo, halafu wakaacha.

"Ni somo," nikasema. "Somo la Kifaransa."

"Somo gani linatembea na kitanda na vigelegele?" Akamgeukia Zaliata, akamtazama nguo zake za Jumamosi. "Huyu ndiye aliyeomba karatasi ya kwenda Mutsamudu. Kumbe anaolewa. Anayeolewa harusi ya ukabaila hana karatasi."

Zaliata akanishika mkono. Hakulia.

Nikamwambia Mdahoma, "Muulize. Muulize mbele ya watu wote. Kilicho cha kike kiko ndani ya nyumba yangu, kilicho cha kiume kiko hapa. Akikosea, sisi ni waongo."

Akafikiri. Akamnyooshea kidole Mzee Mbae. "Bakora ile?"

"La canne," akasema Zaliata. "Ndani. Jikoni, penye vyungu."

"Bakora yangu jikoni?" akafoka Mzee Mbae. "Nani kaipeleka?"

"Ndevu zake?"

"La barbe. Ndani. Ziko kwenye kamba ya nguo."

Bangwe ikapasuka kwa kicheko. Mzee Mbae akashika kidevu kwa mikono miwili. Mdahoma hakucheka. Akauliza jua, akauliza mashua, akauliza taa na mlango. Zaliata akajibu kila kimoja na mahali pake. Ndipo Mdahoma akasogea karibu, akauliza kwa sauti ya chini, lakini watu wote walisikia kwa sababu kila mtu alikuwa amenyamaza:

"Na mapinduzi?"

Jamani, wajukuu! Neno lile ni la kike. Limeishia na "-tion", ni la ndani. Aseme mbele ya kamati kwamba mapinduzi yanakaa jikoni? Nilitaka kumziba mdomo. Na akidanganya, amekosea mtihani aliouweka mwenye muhuri mwenyewe, kama huyo analijua jibu. Sikujua kama Mdahoma analijua. Alikuwa mwanafunzi wa mwisho darasani, alitoka shule kwa ajili ya Kifaransa hichohicho.

Zaliata akasema, "La révolution. Ndani. Nimeyaweka chini ya chungu, ndiyo yanayowaka."

Mdahoma akaendelea.

"Na kamati?"

"Le comité. Hapa, bangwe. Mmekalia viti vya wazee."

"Hilo hata sisi tumeliona," akanong'ona Mzee Mbae.

Mdahoma akamtazama. Halafu akanitazama mimi, na kwa nukta moja nikaliona lile jicho la dirishani, la kuomba ukoko. Akatoa karatasi ya Zaliata mfukoni. Alikuwa nayo muda wote! Akaiweka juu ya ubao wa kichwani wa kitanda, akainua muhuri. Akausimamisha hewani.

"Kama ni somo," akasema, "kitanda ni kifaa cha shule. Cha shule ni cha wananchi. Kitakaa darasani."

Kitanda cha mama yangu! Neno lilinipanda mpaka kooni: hiki ni cha mtoto huyu, cha siku ya ndoa yake. Lakini kulisema ni kukiri harusi, na muhuri ulikuwa bado hewani. Zaliata akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Ni cha shule," nikasema.

Muhuri ukashuka. Nilimeza kitanda kizima siku ile, na matendegu yake.

Jumatatu tulipanda mashua. Jumanne, Mutsamudu, nilikaa nje kwenye ngazi za hospitali, bandari naiona kule chini na wapakuzi wakipigizana kelele. Zaliata alinisimulia baadaye. Madaktari walikuwa wawili. Walimtembeza wodini wakimwonyesha kitu kimoja kimoja. Walipofika kitandani akasema "le lit" bila kosa, halafu machozi yakamtoka, yeye ambaye hakulia bangwe. Daktari mmoja akadhani anaogopa wagonjwa. Akamjibu kwa Kifaransa kwamba haogopi wagonjwa, anakikumbuka kitanda. Wakamchukua. Amezalisha watoto Nzwani nzima, kisiwa cha huko Mutsamudu, na baadhi yenu mnaosoma hapa mikono ya kwanza kuwashika ni yake.

Na mimi nikarudi darasani, nikifundisha huku wanafunzi sita wamekaa juu ya kitanda cha mama yangu. Sikuweza kukitazama. Baada ya wiki kadhaa nikaona kuna mtu husimama dirishani somo likianza. Mdahoma. Nilijifanya simwoni. Akaingia siku moja, akakaa ukingoni mwa kitanda, upande wa ukuta, muhuri ameuficha ndani ya shati. Aliendelea kuja.

Halafu asubuhi moja redio ikasema ile serikali imeanguka. Wale vijana walitawanyika kama mchele uliomwagika. Wengine walipigwa, wengine walifichwa na mama zao. Mdahoma sikumwona tena.

Kassim na Bakari wakaniletea kitanda, safari hii bila wimbo. Nikafungua mlango, nikashtuka nikakaa chini. Maua ya yule fundi wa Mutsamudu yalikuwa yamezungukwa na maneno ya herufi za Kizungu, ambazo kufikia hapo wanafunzi wangu walikuwa wamenifundisha, yamechimbwa kwa visu na misumari. LA PORTE. LE SOLEIL. LA BARBE. Ubaoni kichwani, kwa herufi kubwa kama za duka: LE LIT. Na majina yao. Bakari akasema, "Tusamehe, Bweni, tulikuwa tunadurusu." Zaliata aliolewa juu ya kitanda hicho, na mama mkwe wake aliuliza kama tumekinunua mnadani.

Majina nayajua yote kwa vidole, hata taa ikizimika. Kassim, Bakari, Hadija na wengine, ishirini na watatu. Lakini kitandani yako ishirini na manne. La mwisho liko chini ya ubao, upande wa ukuta, mahali pasipoonekana mpaka ulale sakafuni. Limeandikwa MDAHO, kisha limekatika, kana kwamba mtu aliitwa ghafla.

Mimi nasema ni yeye. Kina Mdahoma Moroni ni wengi, na mimi ni mzee, huenda nimewachanganya watu, huenda hata wanafunzi walikuwa ishirini na wanne tangu mwanzo. Aliyekuwepo na anisahihishe, sitakasirika, nimesahihishwa mbele ya wageni na chumvi mkononi. Na kama ni yeye, na yu hai, mwambieni kitanda hakijapigwa randa. Aje amalizie herufi mbili. Kisu nimemwekea. Asinitafute jikoni kukiulizia, anajua kisu kinakaa wapi.